Butende, Suria na Kinyumba: Majina ya Kuishi Pamoja Unyamwezini

Wanyamwezi wa magharibi mwa Tanzania walikuwa na jina maalumu la mume na mke kukaa pamoja bila mahari kutolewa: butende. Ndoa iliyotolewa mahari waliiita ya kukwa. Kilichotenganisha majina hayo mawili ni watoto, si sherehe. Aliyetoa mahari aliwahesabu watoto kuwa wa ukoo wake. Wa butende aliweza kuwalea nyumbani kwake mpaka wabaleghe, na bado wakawa wa upande wa mama, hadi atoe malipo ya kuwakomboa.

Misafara ya biashara kutoka pwani ikaleta neno jingine. Waarabu na Waswahili waliojenga nyumba za tembe Kazeh, Tabora ya leo, ambako wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857, walikuja na suria: mtumwa anayekaa na bwana wake bila kuolewa. Hapa pia hesabu ilifuata mtoto. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana amemkubali huzaliwa huru na humrithi baba yake. Mama yake hauzwi tena, na bwana akifa huwa huru. Wakubwa wa misafara walioa pia kwa ndoa kamili. Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara maarufu Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa mfanyabiashara ukwe wa namna hiyo ulikuwa mtaji.

Unguja, amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa iliwaacha masuria nje mpaka 1909. Tanganyika utumwa ulifutwa mwaka 1922, na suria akabaki neno la vitabuni. Kiswahili cha mjini kina hawara, ambaye si lazima akae nyumba moja na mpenzi wake. Kimada, anayetunzwa na mwanamume. Na kuishi kinyumba, neno lililobeba nyumba ndani yake. Yote yana harufu ya lawama, ambayo butende haikuwa nayo kwa kiasi hicho.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikuchagua hata moja kati ya hayo. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana. Ushahidi basi hutoka kwa majirani: walimwita nani mke wa nani? Dhana hiyo inaweza kupingwa, na hata ikianguka, mwanamke ana haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto.