Moto wa Pango la Njoro

Karibu na mji wa Mumbai, katika Bara Hindi, kiko kisiwa kiitwacho Gharapuri. Wasafiri hupanda mashua asubuhi, wakavuka maji kwa muda wa saa moja hivi, kisha wakapanda ngazi mpaka penye mahekalu ya Kihindu yaliyochongwa ndani ya mwamba yapata karne ya 6. Humo imo sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, na kimo chake chapita meta 5.

Wewe msomaji ukaaye Nakuru, huna haja ya kuvuka bahari ili upate habari za pango lenye heshima. Kando ya Mto Njoro liko pango ambalo Mary Leakey alilichimba mwaka 1938. Halina sanamu hata moja. Lakini ndani yake yalionekana mabaki ya watu wapatao 80, nao walikuwa wamechomwa moto yapata miaka 3,000 iliyopita.

Wahindu nao huchoma maiti zao. Lakini usidhani kwamba desturi ya Njoro ilitoka kwao. Watu hawa walikuwa wafugaji wa hapa hapa Bonde la Ufa. Visu vyao vilikuwa vya jiwe jeusi la volkano, ling'aalo kama kioo.

Pamoja na mifupa yalikuwapo mabakuli ya mawe, michi, mawe ya kusagia na shanga za mawe ya rangi. Mabakuli yalipohesabiwa, idadi yake ilikaribiana na idadi ya watu. Ndipo ikajulikana kwamba kila mmoja aliwekewa lake. Tena moto ule ule ulioteketeza miili uligeuza kibuyu na chombo cha mti kuwa makaa, na kwa kuwa makaa hayaozi, vimetufikia.

Wako wasemao kwamba historia ya Nakuru ilianza reli ilipofika, mwaka 1900. Pango hili lawajibu.

Basi, siku moja jembe lako likigonga bakuli la jiwe shambani, usilichukue kwenda kuwanyweshea kuku maji. Liache pale pale, ukawape habari watu wa Makumbusho. Bakuli lililoondolewa mahali pake ni jiwe tu. Lililo karibu na mwenyewe ni ushahidi. Kama mabakuli ya Njoro yangalitawanywa kabla ya kuhesabiwa, tusingalijua kamwe kwamba watu wale hawakumwacha hata mmoja wao aende mikono mitupu.