Asili ya Neno "Leg" katika Kiingereza
Wako wadhanio kwamba majina ya sehemu za mwili hayaazimwi, na kwamba lugha iliyoyaazima haina asili yake. Neno "leg", waliitalo Waingereza mguu, lakanusha dhana hiyo. Wahenga wao walisema "sceanca". Mwaka 865 jeshi kubwa la watu wa Skandinavia lilishuka Uingereza, na wengi wakalowea huko. Kwao "leggr" ilikuwa mguu, au mfupa mrefu wa kiungo. Kufikia mwaka 1300 hivi neno hilo lilikwisha ingia katika maandishi ya Kiingereza. Baadaye likapewa hata meza na sehemu za safari. Wala hakuna asemaye kwamba Kiingereza ni Kidenmark. Vivyo hivyo Kiswahili: "damu" yatoka kwa Waarabu, bali ngeli ni za Kibantu.