"Haiwezi kuwa yai, mbona wiki iliyopita alikula?"

Hii sentensi utaisikia kwa bibi, kwa jirani, hata kwa mtu mwenye digrii. Mtoto ametapika ghafla, ana mabaka mgongoni, na watu wazima wanatafuta mkosaji. Yai linaachiwa huru kwa sababu mara ya kwanza halikufanya kitu. Mantiki yake inaonekana safi kabisa. Ila mwaka 1902 huko Paris kuna mbwa aliyeivunja.

Aliitwa Neptune, mbwa mkubwa mwenye afya. Charles Richet, profesa wa fiziolojia, alimchoma sindano yenye kiasi kidogo cha sumu ya mnyama wa baharini. Hakuugua. Siku 22 baadaye, akiwa mzima kama kawaida, akachomwa tena kiasi kilekile. Zilipita sekunde chache tu, akaanza kuhema kwa shida. Akashindwa hata kujikokota, akalala ubavu, akaharisha, akatapika damu. Baada ya dakika 25 alikuwa amekufa.

Utasema si sumu hiyo? Subiri. Sumu ile ilikuwa ya polepole: mbwa aliyepewa nyingi alichukua siku kadhaa kufa. Neptune alipewa kidogo na akafa ndani ya nusu saa. Kilichomuua ni mwili wake mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Kiangazi cha 1901, Richet na mwenzake Paul Portier walikuwa wageni kwenye meli ya utafiti ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, katika Bahari ya Atlantiki. Walipewa kazi ya kuchunguza sumu ya Physalia, yule mnyama anayeelea kama puto la buluu na nyuzi zinazochoma kuliko konyeza wa kawaida. Waliporudi Ufaransa Physalia hawapatikani, wakabadili na kutumia anemoni wa baharini, wanaong'ang'ania miambani. Walitaka kujua kama dozi ndogo zingemzoesha mbwa sumu, kama chanjo inavyofanya. Walitafuta kinga, wakapata kinyume chake. Richet akaliundia jambo hilo neno kutoka Kigiriki, anafilaksisi, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Portier hakupewa. (Mimi bado naona hilo si haki, lakini tuendelee.)

Sasa twende Vienna, kwa watoto. Miaka hiyo dondakoo liliua watoto wengi, na tiba yake ilikuwa seramu kutoka damu ya farasi. Iliokoa maisha, lakini baadhi ya watoto walipata homa, mabaka na kuvimba. Madaktari wawili wa watoto, Clemens von Pirquet na Béla Schick, walifanya jambo ambalo halina mbwembwe yoyote: walihesabu siku. Mtoto aliyechomwa seramu kwa mara ya kwanza aliugua baada ya kama siku 8 hadi 12. Aliyewahi kuchomwa zamani aliugua mapema zaidi, wengine ndani ya saa chache, wengine palepale. Seramu ni ileile, ila mtoto amebadilika. Waliandika kitabu mwaka 1905, na mwaka 1906 Pirquet akatoa neno "aleji", ambalo sisi kwa Kiswahili sanifu tunaliita mzio.

Kwa hiyo ukimshuku yai, karanga au maziwa, angalia saa. Mzio wa ghafla wa chakula kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Na kule kusema "ameshakula" si ushahidi wa kumtetea yai. Hata mtoto ambaye kweli anakula kwa mara ya kwanza anaweza kupata mzio, maana mwili wake huenda ulishakutana na chakula hicho kupitia ngozi yenye ukurutu.

Jambo la pili lilijulikana baada ya Neptune, watafiti walipowajaribu wanyama wengine. Simbilisi alikufa kwa njia za hewa kujibana. Kwa mbwa, damu ilikwama kwenye ini na tumbo likavurugika. Yaani tukio ni moja, lakini kila mnyama ana mahali pake pa kuumia. Ndiyo maana mbwa aliyeumwa na nyuki anaweza kutapika, kuharisha na kuanguka, fizi zimepauka, bila hata uso kuvimba. Paka naye hujikuna uso, hutoa mate, huhema mdomo wazi. Ukisubiri vipele utachelewa.

Kwa mtoto mchanga, ngozi husaidia mara nyingi: mabaka yaliyoinuka kama aliyeguswa na upupu, midomo na kope kuvimba. Lakini si kila mara. Hawezi kusema "koo linanibana", kwa hiyo sikiliza kilio: kimekauka ghafla? Anakohoa mfululizo, anakoroma au anapiga miluzi akipumua? Anatapika tena na tena? Kinachonitisha zaidi ni mtoto aliyekuwa akilia mara akanyamaza, akalegea na kupauka. Mzazi anashukuru kwamba hatimaye amelala, kumbe shinikizo la damu linashuka.

Hapo ni hospitali mara moja, umemlaza, hujamsimamisha wima. Dawa inayohitajika ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja. Vidonge na dawa za maji za kuzuia kuwashwa hutuliza ngozi tu, haziinui shinikizo la damu wala kufungua njia ya hewa iliyojibana. Mbwa na paka nao wapelekwe kwa daktari wa mifugo kwa haraka ileile.

Adrenalini yenyewe, Jokichi Takamine aliitangaza mwaka 1901 huko Marekani, akiwa ameipata ikiwa safi, katika umbo la fuwele. Ni mwaka uleule Richet na Portier walikuwa melini. Dawa ilikuwepo tayari Neptune alipokuwa akihema sakafuni, ila hakuna aliyejua bado kwamba ni yake. Na mtoto akishachomwa akachangamka, msikimbilie nyumbani: dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, bila hata kula kitu kingine.