Tezi dume: kisu, waya wa umeme au mwanga wa leza?

MZEE wa Rombo au Kibosho anayeshuka Moshi mjini akiwa na mpira wa mkojo huwa na swali moja kwa daktari: ni lazima apasuliwe? Siku hizi lipo na la pili, ambalo mara nyingi huletwa na watoto wake walioko Dar es Salaam au ughaibuni: kwa nini asitibiwe kwa leza?

Tezi dume hukaa chini ya kibofu na kuizunguka njia ya mkojo. Kwa kijana ina uzito wa takriban gramu 20, lakini hukua kadiri umri unavyosonga. Wanaume wapatao nusu huwa na ukuaji huo wafikapo miaka 60. Huo si saratani, ingawa mitaani magonjwa yote mawili huitwa "tezi dume" tu. Yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, ndiyo maana daktari hupima kwanza kabla ya kushika kisu.

Si kila mgonjwa hupasuliwa. Tamsulosini hulegeza misuli na kuleta nafuu mapema. Finasteridi hupunguza tezi, ila huhitaji miezi kadhaa. Hata msitu wa Kilimanjaro una mchango wake: gome la mti uitwao kitaalamu Prunus africana limeuzwa Ulaya kwa miongo mingi kutengenezea dawa za tezi dume, hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 1995. Nafuu yake ni ya kiasi tu, nayo haifungui mkojo uliokwisha kuziba.

Upasuaji huwa wa lazima pale mkojo unapoziba mara kwa mara, figo zinapoanza kuumia, au mawe yanapojitokeza kibofuni.

Njia ya zamani ni kupasua tumbo chini ya kitovu, kisha daktari huimenya tezi kwa kidole na kuacha ganda lake. Daktari Peter Freyer aliieneza jijini London mwanzoni mwa karne ya 20. Bado ina nafasi Afrika Mashariki, kwani wengi hufika hospitali tezi ikiwa kubwa mno, nayo haihitaji mitambo ya gharama. Ubaya wake ni damu: ndugu huombwa kuchangia, na mgonjwa hulazwa takriban wiki nzima.

Ya pili, ambayo madaktari huiita TURP, haiachi kovu. Chombo hupitishwa katika njia ya mkojo na waya wa umeme hukwangua tezi vipande vipande. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, imekuwa kituo muhimu cha kufundishia mabingwa wa magonjwa ya mkojo. Hata hivyo, tezi inayozidi gramu 80 huifanya kazi hiyo kuwa ndefu. Kwa mitambo ya aina ya zamani, maji yasiyo na chumvi yanayotumika kusafishia huweza kuingia katika damu na kushusha sodiamu, hali inayoweza kuua. Mitambo mipya hutumia maji ya chumvi.

Leza nayo hupita njia hiyo hiyo. Leza ya kijani huichoma tezi ikawa mvuke, hivyo hakuna nyama ya kupeleka maabara kutafuta saratani. Leza ya holmiamu huimenya nzima, kama kidole kifanyavyo, kisha mashine huisaga ndani ya kibofu na kuinyonya. Hufaa hata tezi kubwa sana. Damu hupotea kidogo na mpira hutolewa mapema, mara nyingi baada ya siku moja au mbili.

Lakini katika kile ambacho mgonjwa hukijali zaidi, yaani mkojo kutoka kwa nguvu, tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Njia zote tatu huwafanya wanaume wengi wasitoe manii nje wakati wa tendo la ndoa, jambo ambalo wazee huona haya kuliuliza na madaktari husahau kulisema. Leza ya holmiamu pia huhitaji daktari aliyeifanya kwa makumi ya wagonjwa. Kwa familia inayosubiri fedha za kahawa au wana warejee Desemba, mkono uliozoea TURP huweza kuwa salama kuliko leza mikononi mwa mgeni.

Ganda linalobaki linaweza kupata saratani baadaye, hivyo mgonjwa azungumze na daktari wake kuhusu kuendelea na kipimo cha PSA. Na akirudi nyumbani mlimani, mkojo ukiziba au mabonge ya damu yakitoka, arudi hospitali siku hiyo hiyo.