Meko ya ukutani: kazi ya nyumbani aliyonipa baba

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Si kwa kupenda, testi zilikuwa zinafuatana kama daladala za asubuhi, na mtu hawezi kukaa anaandika hapa huku anajua anaweza kudisko. Sasa zimeisha, bumu halijatoka, kwa hiyo muda ninao na hela sina. Leo nina historia ya kuwasimulia, na haimo kwenye desa lolote.

Jumanne jioni baba alinipigia simu. Kwa wasiojua, baba yangu ni fundi mwashi kule kwetu Njombe. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia amepata kazi kwa mstaafu mmoja anayejenga nyumba ya kupumzikia. Mzee huyo anataka sebuleni kuwe na meko ya ukutani, ile ya kuotea moto, yenye dohani nyuma na fremu ya kupendeza mbele. "Kaniambia nimpelekee mapendekezo kabla ya Jumapili. Marumaru, mbao, jiwe au tofali, na mtindo wake uweje. Sasa mama, wewe si unasoma historia? Vitu hivi si walikuja navyo wazungu? Hebu nitafutie."

Nyie wa Dar mnaweza kucheka kwamba mtu anataka moto ndani ya nyumba. Njooni Njombe mwezi wa saba. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi unatoa mvuke mdomoni kama sufuria. Kule moto ni mwenzako wa kukaa naye.

Mimi mwenyewe sikucheka, kwa sababu nakumbuka meko ya kwanza aliyojenga baba. Nilikuwa kidato cha pili. Alimaliza, ikawa nzuri kwa macho, siku ya kuwasha moshi wote ukarudi sebuleni. Mwenye nyumba akakataa kulipa nusu iliyobaki. Nusu ile ndiyo ilikuwa ada yangu, na nilikaa nyumbani wiki tatu nikisoma kwa madaftari ya kuazima. Baba hajawahi kulizungumzia. Ila aliposema "hebu nitafutie" nilisikia sauti ya mtu anayeogopa.

Basi nikaenda maktaba. Rumeti wangu akadhani napiga msuli wa sapu.

Nilianza na Uingereza, maana waliotujengea meko nyingi za aina hii huku walitokea huko. Na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba Waingereza wenyewe, kwa karne nyingi, waliota moto kama bibi yangu. Moto katikati ya nyumba, moshi unajitafutia njia kwenye paa. Dohani zilianza kwenye makasri na nyumba za wakubwa, zikaenea kwa watu wa kawaida karne ya 16. Mwaka 1577 padri mmoja wa Essex, William Harrison, aliandika kwamba wazee wa kijijini kwake walishangaa kuona jinsi dohani zilivyokuwa nyingi kuliko enzi za ujana wao. Akaongeza kwamba watu wa zamani waliamini moshi unakomaza mbao za nyumba na ni dawa kwa wenye nyumba. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu maktaba. Bibi anasema hivyo hivyo: moshi unalinda mahindi ya mbegu darini yasibunguliwe. Angekutana na wale wazee wangeelewana bila mkalimani.

Dohani ilipoenea, serikali nayo ikaiona. Mwaka 1662 Waingereza walianza kutozwa kodi ya meko, shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka. Wakaguzi waliingia ndani kuhesabu. Wapo walioziba meko zao kwa tofali ili zisihesabiwe. Kodi ikachukiwa mpaka ikafutwa mwaka 1689. Sasa linganisheni na kwetu: mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki yao, ile ambayo kwenye vitabu vya sekondari tunaiita kodi ya kibanda. Kule walihesabu mahali pa moto, huku wakahesabu paa. Siku nikienda BTP nitaanza somo la kodi ya kibanda kwa stori hii, naona wanafunzi hawatalala.

Turudi kwenye fremu. Mwanzoni haikuwa pambo. Ilikuwa boriti nene ya mti wa mwaloni au jiwe refu la kubeba ukuta juu ya mdomo wa meko. Lakini moto ndipo watu wanapokaa, na watu wanapokaa ndipo mwenye nyumba anapotaka wageni watazame. Watu wa pwani yetu hawakuhitaji moto wa kuota, ila hamu hiyo hiyo waliiweka kwenye zidaka. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina kuta zilizojaa vidaka vya chokaa vya kupangia vyombo vya kauri. Nafikiri kila jamii ina ukuta wake wa kuringia.

Karne ya 17 mbunifu Inigo Jones alileta mitindo ya Italia. Karne iliyofuata akaja Robert Adam (1728-1792), na jina lake mpaka leo ni jina la mtindo: nguzo nyembamba pembeni, rafu juu, mashada na vikombe vya Kirumi vilivyochongwa kwa wembamba sana. Matajiri walichonga kwa marumaru nyeupe, na iliyosifiwa zaidi ilitoka Carrara, Italia. Asiye na hela hizo alitumia mbao, akabandika mapambo ya kufinyanga na kupaka rangi juu. Ila hata kwenye fremu za mbao mafundi waliweka kipande cha jiwe au marumaru kati ya mbao na mdomo wa moto. Hiki nilikiandika kwenye karatasi ya baba kwa herufi kubwa.

Halafu vikaja viwanda. Kampuni ya chuma ya Carron, iliyoanzishwa Scotland mwaka 1759, ilimimina vyuma vya meko kwa kalibu, na karne ya 19 fremu za chuma zikaingia hata nyumba za wafanyakazi. Wa kati nao wakapata ujanja: jiwe la sleti kutoka Wales linapakwa rangi na kuchomwa mpaka linafanana na marumaru. Mgeni akiingia hajui, labda aguse.

Nikiwa hapo nilianza kujiuliza nani alilipia uzuri wote huu. Machimbo makubwa ya sleti ya Penrhyn, kule Wales, yalikuzwa na Richard Pennant, aliyefariki mwaka 1808. Utajiri wa familia yake ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika, yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika, na yeye mwenyewe alitetea biashara hiyo bungeni. Kwa hiyo kuna Mwingereza aliyekaa mbele ya jiwe lake jeusi akiota moto, na chini kabisa ya jiwe lile kuna jasho la mtu wetu. Hakuna aliyemwambia, na pengine hakuuliza.

Tena kuna watoto. Makaa ya mawe yaliposhika nafasi ya kuni, dohani zikawa nyembamba na zenye kona, nyingine inchi 9 kwa 9. Fagio halipiti, mtoto anapita. Watoto wadogo walipandishwa humo kukwangua masizi, magoti na viwiko vikichunika. Sheria ya mwaka 1788 ilisema asiwe chini ya miaka 8. Haikufuatwa. Sheria ya 1840 ikakataza kumpandisha yeyote aliye chini ya miaka 21. Nayo haikufuatwa. Mwaka 1875 mtoto aitwaye George Brewster alikwama kwenye dohani ya hospitali ya Fulbourn karibu na Cambridge, akafa. Mwajiri wake alifungwa, na mwaka huo huo ikaja sheria ya leseni chini ya usimamizi wa polisi, na hiyo ndiyo iliyomaliza mchezo. Sheria baada ya sheria, na karibu miaka 90! Sisi tunaosomea ualimu tuliweke hilo akilini tunaposikia kwamba tatizo la watoto fulani limeisha kwa sababu sheria imepitishwa.

Mpaka Ijumaa nilikuwa na historia nzuri lakini sina jibu la baba. Fremu haifukuzi moshi. Ndipo nikakutana na Benjamin Thompson.

Huyu jamaa alizaliwa Massachusetts mwaka 1753, vita vya uhuru wa Marekani vilipokuja akawa upande wa Mwingereza, baadaye akatumikia Bavaria mpaka akapewa ukuu wa kuitwa Count Rumford. Mwaka 1796 alichapisha maandiko kuhusu meko za ukutani. Alisema kosa ni koo la dohani: mafundi wanaliacha pana, hewa ya chumba inapanda ovyo, joto linapotea na moshi unarudi. Dawa yake: koo liwe jembamba, inchi 4 kutoka mbele kwenda nyuma. Ukuta wa nyuma uwe theluthi moja ya upana wa mdomo. Kuta za pembeni zisisimame wima kama za sanduku, zipanuke kuja mbele kama mtu aliyefungua mikono.

Nilichukua kalamu. Mdomo futi 3, nyuma futi 1, kina futi 1, basi pembeni zinakaa mshazari wa nyuzi 45. Inakubali. Nikakumbuka meko ile ya kidato cha pili. Ilikuwa sanduku. Na koo lake, Mungu wangu, mtu angepitisha ndoo.

Rumford alisema na vifaa. Ndani usiweke chuma, alisema, weka jiwe linalostahimili moto au tofali lililopigwa lipu, ulipake chokaa nyeupe, maana rangi nyeupe hurudisha joto chumbani. Meko za Rumford zilienea haraka mpaka zikaingia kwenye riwaya: katika Northanger Abbey ya Jane Austen, binti anategemea kukuta meko kubwa ya kale yenye nakshi nzito, anaikuta ya Rumford na marumaru isiyo na makuu. Anasikitika. Mimi ningefurahi, angalau hakuvuta moshi.

Mwisho wa habari ya Uingereza mnaujua. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London siku kadhaa, wakafa watu wapatao 4,000 kwa makadirio ya wakati ule, na makadirio ya baadaye yanafika 12,000. Sheria ya Hewa Safi ikaja mwaka 1956. Meko nyingi zikazimwa, zikabaki fremu tu, rafu ya kuwekea picha za familia.

Huku kwetu Wajerumani na baadaye Waingereza walijenga meko kwenye nyumba zao za milimani, Lushoto, Iringa, Mufindi. Marehemu babu alikuwa mtumishi kwenye nyumba mojawapo. Kazi yake ya kwanza alfajiri ilikuwa kuzoa majivu na kuwasha moto kabla bwana hajaamka. Niliwahi kumuuliza ile meko ilikuwaje. Akasema, "Ya mawe. Ilikuwa inapendeza." Nikamuuliza, mlikuwa mnaota? Akasema, "Tuliiwasha." Akanyamaza. Wakati ule sikuelewa. Sasa naelewa.

Jumamosi nilimpigia baba nikamsomea kila kitu, vipimo mara mbili. Akauliza, "Inchi 4 tu? Mbona kijumba cha panya." Nikamwambia ajaribu kwa tofali kavu bila udongo, awashe majani, aone. Kuhusu fremu nilimshauri aachane na marumaru, inatoka mbali na inakula hela ya mteja. Ndani tofali la kuchoma na chokaa, mbele jiwe la pale pale, juu rafu ya mbao iliyokaa mbali na mdomo wa moto. Mtindo wa Adam umezaliwa kwao, sisi tuchukue koo la Rumford.

Akafikiri kidogo akasema, "Jiwe sawa, ila lisitoke mtoni. Jiwe la mtoni lina maji ndani, likipata moto linapasuka. Bibi yako hachukui mafiga mtoni." Hilo sikulikuta kwenye kitabu chochote nilichofungua wiki nzima. Nikaliandika chini ya Rumford.

Jana usiku ikaja picha kwenye simu. Tofali kavu zimepangwa uani, pembeni mshazari, na moshi umesimama wima kama mlingoti. Chini ameandika neno moja: "Unapanda."

Mstaafu amekubali jiwe. Kazi inaanza Jumatatu, na safari hii baba amedai nusu ya pili ilipwe kabla ya kupaka chokaa. Nimemwambia hiyo nayo ni historia, maana amejifunza kutokana nayo.

Haya wandugu, bumu likitoka mniambie. Wenye nyumba zenye meko za zamani huko kwenu, ulizeni nani alikuwa anaziwasha.