Skinhead na deni la Jamaika

Wadau, hapa hosteli ukitaja skinhead tu, unajibiwa: "Wale vipara wabaguzi wa Uingereza?" Jamani, mwanzo haukuwa hivyo. Mwaka 1969 vijana wa familia za wafanyakazi, wengi wazungu, walinyoa vichwa, wakavaa mabuti ya Dr. Martens na kusakata ska na rege za Wajamaika. Mwaka huohuo Desmond Dekker, Mjamaika, alishika namba 1 Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama cha National Front kikawavuta baadhi yao. Yaani unataka wahamiaji weusi wafukuzwe, na staili yako imekulia kwenye ngoma zao! Mwaka 1979 Jerry Dammers akaanzisha lebo ya 2 Tone pale Coventry: weusi na weupe jukwaa moja. Mimi naona hao ndio warithi halali. Mnasemaje?