Tabibu na Jeraha Lake: Kutoka Unyamwezi hadi Karema

Suala la mhudumu kumsimulia mgonjwa mateso yake mwenyewe hufundishwa vyuoni kana kwamba limetufikia pamoja na vitabu vya ushauri kutoka Ulaya na Marekani. Sivyo. Kandokando ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ziwa Tanganyika, suala hili lina historia yake.

Katika Unyamwezi kilikuwako chama cha Waswezi, ambacho Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1955. Aghalabu mtu aliingia kwa sababu ya ugonjwa: ramli ilipoonyesha kwamba pepo wa Uswezi wanamtaka, aliingizwa chamani, na baadaye yeye naye akawahudumia wagonjwa wapya. Basi mgonjwa alijua, bila kuambiwa, kuwa anayemshika mkono alipita humo humo. Mafundisho yao juu ya pepo hatuyakubali. Lakini jambo hili moja waliling'amua kuliko wachungaji wengi.

Mfano wa pili ni wa Kikristo, nao watugusa zaidi. Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ya Timbuktu, alitekwa utotoni, akauzwa na kuvushwa Sahara, hata Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kituo kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa mapadre mwaka 1885. Hapo walikusanywa watu waliokombolewa utumwani. Atiman alitibu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Masimulizi ya maisha yake yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, yaani baada ya miaka 57 ya kazi.

Miaka hiyo twaitilia maanani. Aliyefunguliwa minyororo hakuhitaji hotuba ya tabibu juu ya minyororo. Tabibu mwenyewe alikuwa mbele yake, na dawa mkononi. Kinyume chake, mchungaji aketiye na mjane akaanza kueleza misiba yake mwenyewe, mara nyingi humlazimisha mjane kuwa mfariji. (Nao wajane wetu, kwa adabu, hukubali.)

Paulo naye, katika sura ya kwanza ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anakiri kwamba huko Asia alielemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Hasemi ni nini hasa kilichompata, na wafafanuzi wangali wanabishana.